Mwenye Kipande cha Gari

Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha kwenye kiti ambacho si cha dereva. Alikuwa mwalimu wa udereva, na magari ya shule yana pedeli za ziada upande wa mwalimu, klachi na breki, za kumwokoa mwanafunzi na roho ya mwalimu mwenyewe. Miguu yake ilikuwa imezizoea pedeli hizo kiasi kwamba hata akiwa sebuleni kwake, mtu akipita mbio dirishani, mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia.

Kazini waliomjua kwa jina walikuwa wachache. Aliitwa Mwalimu, basi. Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita Shangazi, binti wa kaka yake, ambaye yeye ndiye aliyemlea. Mama wa mtoto alifariki, baba akaoa tena, na katika ndoa mpya ikaonekana mtoto wa ndoa ya kwanza hana pa kulala. Mwalimu alikwenda kumchukua kwa muda tu, na ule muda ukawa miaka yote ya shule ya mtoto. Alimpa jina la utani Chiriku, kwa kuwa aliingia mlangoni akiwa tayari yuko katikati ya hadithi. Alisimulia akila, akasimulia akifua, na akienda kuoga aliacha mlango wazi kidogo asije akampoteza msikilizaji. Mwalimu hakuwahi kuolewa, na hakuwahi kujutia sana, maana mdomo wa Chiriku peke yake ulitosha kuijaza nyumba ya watu sita.

Chiriku akakua, akasomea uuguzi, akapata kazi hospitali kuu na chumba katika nyumba za wauguzi. Jumapili alikuja kula, akaimaliza wiki nzima kwa kuisimulia, kisha akaondoka na bakuli la mabaki. Siku nyingine za wiki nyumba ilinyamaza. Dirisha la jikoni lilitazama ukuta wa nyuma wa kiwanda cha uchapaji, na mashine zake zilipozimwa jioni, Mwalimu aliweza kusikia bomba la jirani likidondosha maji.

Siku moja mwenye shule ya udereva alialikwa kujaribu gari la umeme la kampuni changa iliyokuwa imeanza kuyaunda hapo hapo mjini. Hakutaka kwenda. Akawatuma Mwalimu na mwenzake waliyemwita Breki, mtu wa mizaha ambaye aliwahi kusimamisha gari ghafla barabarani kwa sababu aliona jongoo.

"Gari la umeme!" Breki alisema njiani. "Umeme wenyewe huu wa leo upo kesho haupo? Ukikatika mtasukuma mpaka kwenye nyumba ya mkubwa, maana huko haukatiki."

Uwanja wa majaribio ulikuwa wa saruji, umepangwa vigingi vya rangi ya chungwa. Kijana wa mauzo akamfungulia Mwalimu mlango, tena ule wa dereva. Mwalimu akatafuta klachi kwa mguu wa kushoto, akakuta sakafu tupu.

"Klachi iko wapi?"

"Hakuna, mama. Wala gia. Unakanyaga tu."

Akakanyaga. Gari likaondoka kama mtu anayetoka kwenye chumba alimolala mtoto mchanga. Likazunguka vigingi, likapanda mwinuko, akalisimamisha katikati ya mwinuko makusudi, na halikuzimika, halikurudi nyuma. Hapo akaanza kucheka. Aliwakumbuka wanafunzi wake wote waliozimikiwa na gari katikati ya mzunguko, nyuma wanapigiwa honi, mbele wanatukanwa. Aliwaona wanaume wazima wakitokwa na machozi. Aliwahi kuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa duka la vitambaa, aliyefungua mlango katikati ya barabara, akashuka na kwenda zake nyumbani kwa miguu na hakurudi tena. Watu wangapi walikuwa wamekatia tamaa usukani kwa sababu ya kidude cha mguu wa kushoto?

Kilichomshangaza zaidi kilikuja baadaye, alipokuwa anarudisha gari polepole. Alijisikia anapumua. Miaka yote hiyo amekaa ndani ya magari, na hakuwahi kusikia pumzi yake mwenyewe.

Alipogundua kuwa kampuni ile inauza hisa kwa watu wa kawaida, hakulala na wazo hilo muda mrefu. Alikuwa na akiba. Ilikuwa imepangiwa kazi, kwani yeye na kaka yake walikubaliana kujenga vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja cha marehemu baba yao. Alimpigia kaka yake kumwambia kwamba amebadili mawazo.

"Unampa hela mtu asiyekujua hata jina?" kaka yake aliuliza.

"Wewe unayenijua jina, zile nilizokupa za mabati ziliishia wapi, kaka?"

Simu ikakatwa upande wa pili. Mwalimu alijua amegusa donda. Alijua pia kwamba kaka yake ni mtu wa kununa kwa misimu.

Dalali wa hisa alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo, na feni iliyokuwa mezani ilipeperusha kila karatasi isiyokandamizwa. Alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mama, mimi napata changu ukinunua, kwa hiyo sina sababu ya kukutisha. Lakini hela hii ukiiweka hapa, ihesabu kuwa imesafiri. Inaweza kurudi na zawadi. Inaweza pia kurudi uchi."

"Na ikirudi uchi?"

"Unaivisha nguo, unaanza upya. Unao umri wa kuanza upya?"

Mwalimu akafikiri, akajibu kwa ukweli. "Sina. Ila sijawahi kuwa na kitu cha kungojea."

Akanunua.

Jumapili ile Chiriku alishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. "Shangazi yangu ana kampuni! Kesho nikifika kazini, daktari akiniletea za kuleta, namwambia taratibu, baba, mimi ni mrithi." Alilikamata sufuria kama usukani akalizungusha jikoni, na Mwalimu akacheka mpaka akaketi.

Mambo yakaanza kuharibika kwa maneno. Mkurugenzi wa kampuni, ambaye watu walimwita Bwana Umeme, alikuwa na kichwa cha kubuni magari na ulimi wa kubomoa. Akihojiwa redioni alisema kwamba mafundi wa magari ya petroli wajiandae kuuza karanga. Mafundi wakaandamana. Wauza vipuri wakagoma kumhudumia yeyote anayeonekana na gari la kampuni ile. Wachambuzi wa biashara wakaandika kwamba kampuni ina madeni kuliko magari. Wengine wakasema ni utapeli mtupu, bodi la gari juu ya betri za kuokoteza. Kila asubuhi kulikuwa na jipya, na kila jipya lilimkuta Mwalimu kwenye kibanda cha chai cha shule ya udereva, kikombe mkononi.

"Bi Betri kaja," Breki alisema siku za mwanzo, na wote wakacheka, yeye akiwemo. "Bi Betri, leo umechajiwa?"

Lakini mdogo wake Breki alikuwa fundi wa injini, na alikuwa miongoni mwa waliopigwa virungu siku ya maandamano. Baada ya hapo mizaha ilikoma. Mwalimu alitamani iendelee. Sasa akifika kibandani mazungumzo yaligeuka kuwa habari za mvua. Breki alimpisha kwenye benchi kwa adabu, na hakuna kitu kinachomfukuza mtu kwenye benchi kama adabu ya rafiki wa zamani. Akaanza kunywa chai yake ndani ya gari la mafunzo, vioo vimepandishwa.

Alivumilia. Alijiambia kuwa maneno hayavunji mfupa, na kwamba kila kipya hutukanwa kabla ya kuzoewa. Jioni alimweleza Chiriku kwenye simu, na Chiriku akawatukana wote mmoja mmoja kwa majina, mpaka Mwalimu akapata usingizi mwepesi.

Kisha gari likaungua.

Lilikuwa moja ya magari ya kampuni ile, limeegeshwa chini ya jengo la ofisi, limechomekwa kwenye chaja. Moshi ulianzia chini ya gari. Mlinzi wa maegesho aliona kama kivuli cha mtu kiti cha nyuma, akakimbia kwenda kufungua mlango. Kumbe ni koti lililotundikwa. Betri ikalipuka akiwa ameshika kitasa. Aliungua mikono yote miwili na upande wa uso.

Siku iliyofuata kampuni ilitoa taarifa. Walisema wanasikitika, na kwamba uchunguzi wao wa awali unaonyesha mlinzi alichezea waya wa chaja.

Mwalimu aliisoma taarifa ile amesimama, akaisoma tena ameketi. Alitaka iwe kweli. Huo ndio ukweli wake wa siku ile, na hakumwambia mtu. Alitaka sana mlinzi awe amechezea waya.

Jumapili Chiriku alikuja, akasalimia, akaketi. Mwalimu akapakua chakula, akamtazama.

"Leo umekuja bila mdomo?"

"Uza, Shangazi."

"Niuze nini?"

"Unajua." Chiriku aliisogeza sahani pembeni. "Yuko wodini kwangu. Mimi ndiye ninayembadilishia bandeji. Tukizivua anaimba, Shangazi, anaimba kwa nguvu ili tusimsikie akilia, na sauti hana. Ana watoto watatu. Hawaruhusiwi kuingia, wanamsalimia kupitia kioo, na mdogo alimwona akakimbia."

Mashine za uchapaji hazifanyi kazi Jumapili, kwa hiyo hapakuwa na kelele ya kujificha nyuma yake.

"Kampuni inasema alichezea waya," akasema hatimaye.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sikuwepo, mwanangu."

"Hela yako ilikuwepo."

Neno lile lilimpata mahali ambapo hakuwa na pedeli ya kukanyaga. Akajaribu kujitetea. Akasema kwamba hata akiuza, mikono ya yule baba haitapona. Akasema bei imeporomoka, akiuza leo atakuwa ametupa jasho lake lote. Akasema, na hapa sauti yake ilipanda, kwamba yeye ameliendesha lile gari, kwamba ni kitu kizuri, na kitu kizuri kikikosea hakitupwi. "Mtoto akikosa unamtupa?"

"Mtoto akikosa anaambiwa aombe radhi," Chiriku alijibu. "Wewe ndiye uliyenifunza. Hukuwahi kunifunza nimsingizie mwingine." Akainuka, akachukua mkoba wake. "Nina zamu."

"Zamu gani Jumapili mchana? Kula basi."

Chiriku akaondoka, na bakuli la mabaki hakulichukua.

Jumapili iliyofuata hakuja. Aliandika kwenye simu kwamba yuko kazini. Nyingine vilevile. Mwalimu aliendelea kupika cha watu wawili, kwa mazoea na kwa kiburi, halafu Jumatatu akala baridi kilekile kazini, ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa. Alianza kuwasha redio akiingia nyumbani kabla hata ya kuvua viatu. Akajikuta anaijibu. Mtangazaji akisema "habari za jioni," yeye alisema "nzuri," akasimama pale na mkoba begani, akiona haya kana kwamba kuna aliyemsikia.

Kuuza hakuuza. Dalali alimpigia mara kadhaa, ya mwisho akamwambia wazi kwamba wenye akili wote wametoka. Mwalimu mwenyewe hakuweza kueleza vizuri kwa nini anabaki. Siku nyingine aliona ni ukaidi. Siku nyingine aliona kwamba akitoka, basi atakuwa amepoteza hela na Chiriku pamoja, na hatakuwa na lolote la kuonyesha.

Mwishoni alikwenda hospitali. Alichagua saa ya kuwaona wagonjwa, akavaa vizuri, akanunua matunda, halafu njiani akakumbuka kuwa mtu asiye na mikono hamenyi chungwa. Akamgawia mama mmoja aliyekuwa na watoto kituoni.

Mlinzi alilala kitanda cha dirishani, mikono imezungushiwa bandeji mpaka viwiko, imeinuliwa juu ya mito kama ya mtu anayeomba. Alikuwa kijana kuliko alivyomdhania.

"Pole sana, baba."

"Tumeshapoa, mama. Shikamoo. Wewe ni wa ustawi wa jamii?"

"Marahaba. Hapana." Mwalimu alikuwa amepanga maneno, yote yakamtoroka. "Mimi nina hisa kwenye ile kampuni ya magari."

Mlinzi akamtazama kwa jicho lililobaki wazi. "Una maana gari lile ni lako?"

"Nina kipande."

"Kipande gani? Tairi au usukani?" Akacheka, kisha uso ukamuuma, akaacha. Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka pia. Mwalimu alisimama pale, mkoba ameukumbatia, hajui kama anaruhusiwa kucheka.

"Umekuja nikusamehe?" mlinzi akauliza, bila ukali.

"Nimekuja kukuona tu."

"Basi umeniona." Akafumba jicho. Mwalimu akadhani ndiyo kwaheri, akaanza kugeuka, lakini yule baba akaendelea kusema jicho likiwa limefumbwa. "Kama una kipande, wao wanakusikiliza?"

"Sijui. Sijawahi kusema nao."

"Ukisema nao, waambie sikuchezea waya. Mimi umeme nauogopa. Hata redio ya nyumbani anaichomeka mke wangu. Niliona koti, nikajua ni mtu. Waambie hivyo tu. Mengine wakitaka waache."

"Nitawaambia."

Alipotoka wodini akamwona Chiriku mwisho wa ukumbi, anasukuma kitoroli cha dawa. Chiriku naye akamwona. Wakatazamana kwa umbali ule, watu wakipita kati yao na chupa za maji na mablanketi. Kisha Chiriku akakiacha kitoroli, akasukuma mlango mmoja ubavuni, akaingia. Mwalimu akasogea, akasimama mbele ya mlango ule. Alingoja mlango ufunguke. Mfagiaji alipita, akamwomba ainue mguu, akafagia, akaenda. Mlango haukufunguka. Mwalimu akashuka ngazi.

Mkutano wa wanahisa ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli wenye zulia nene kiasi kwamba hakusikia hatua zake. Alipewa kadi ya kuning'iniza shingoni. Kabla hajapata pa kukaa, bwana mmoja wa suti alimnyooshea glasi tupu, akamwomba amwongezee maji. Mwalimu akaipokea glasi, akamwongezea, akamrudishia, kisha akaketi kiti cha pembeni yake. Yule bwana akaona kadi shingoni, akajikohoza, na mkutano mzima hakugeuza shingo upande ule.

Waliongea habari za mikopo na za kiwanda. Waliopinga uongozi walikaa nyuma, wakizomea. Waliompenda Bwana Umeme walikaa mbele, wakipiga makofi kabla hajamaliza sentensi. Ulipofika wakati wa maswali, Mwalimu akapanga foleni kwenye kipaza sauti. Kuna tofauti kubwa kati ya kumkemea mwanafunzi kwenye mzunguko na kusema mbele ya watu waliovaa hivyo.

"Habari zenu," akaanza. "Nilikwenda kumwona mlinzi aliyeungua. Anasema hakuchezea waya. Aliona koti, akadhani ni mtu, akaenda kumwokoa. Naomba taarifa ile ifutwe, kwa sababu mtu huyo ana watoto, na wao wana—"

"Mama, tunakushukuru," Bwana Umeme alisema jukwaani. "Suala hilo liko kwa wanasheria. Swali linalofuata."

Kipaza sauti kikazimwa. Mwalimu akakigonga kwa kidole, hakikuitika. Basi akatumia sauti aliyokuwa nayo, ile ya kazini, ya kusikika juu ya injini mbovu na honi za malori.

"Nasema hivi! Alikwenda kuokoa mtu! Kwenye gari letu! Nanyi mnamwita mharibifu!"

Wa nyuma wakapiga makofi, ingawa alijua hawampigii yeye wala mlinzi. Wa mbele wakageuka. "Kaa chini, mama, unatushushia bei!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakaitikia. Akakaa. Ajenda ikaendelea. Wakati wa chai alisimama na kikombe chake katikati ya chumba, na watu wakampitia huku na huku kama maji yanavyopita nguzo. Akaweka kikombe juu ya meza kabla hajakinywa, akarudi nyumbani kwa basi.

Kuna aliyemrekodi. Baada ya siku mbili sauti yake ilikuwa kwenye kila simu. Waliopinga kampuni wakamfanya shujaa wao, na waliompenda mkurugenzi wakasema kizee kile kimepandikizwa na wauza mafuta. Kaka yake alipiga simu, mara ya kwanza tangu ile ya mabati, kumwambia kwamba ameaibisha jina la baba yao. Breki alimsogelea kwenye gari, akagonga kioo, akainua kidole gumba juu, akaondoka. Huo ulikuwa wema, na Mwalimu aliuthamini, lakini hakufungua kioo na Breki hakungoja afungue.

Simu aliyoingoja haikuja. Ulikuja ujumbe, wenye neno moja tu. "Nimeona."

Aliusoma mara nyingi, akitafuta humo ndani mtoto aliyekuwa akioga mlango ukiwa wazi. Akaandika jibu, akafuta, akaandika tena, mwishoni akapeleka "Sawa, mwanangu." Baadaye alijilaumu kwa neno hilo "sawa", maana hakuna chochote kilichokuwa sawa.

Yaliyobaki yalikuja taratibu, kama mambo ya serikali yanavyokuja. Wakaguzi walifungua magari ya aina ile wakakuta mfuniko mmoja chini ya betri unapitisha maji. Magari yote yakaitwa kurudi kiwandani. Bwana Umeme akajiuzulu kwa maneno mengi. Waliomfuata wakaifuta ile taarifa, wakamwomba mlinzi radhi hadharani, wakamlipa. Hakuna aliyesema kwamba ni kwa sababu ya mama mmoja aliyepiga kelele ukumbini, na pengine haikuwa hivyo. Hisa zilianguka mpaka dalali akaacha kumtajia bei. Halafu kampuni kubwa ya mabasi ikanunua nusu ya ile kampuni, mabasi ya umeme yakaanza kuonekana barabarani, na kidogo kidogo kile kilichokuwa kimesafiri kikaanza kurudi, kikiwa kimevaa, tena vizuri.

Siku dalali alipompigia kumwambia amekuwa mtu mwenye uwezo, Mwalimu alikuwa barabarani na mwanafunzi. Akamwamuru aegeshe pembeni. Akasikiliza, akashukuru, akakata. Mwanafunzi akamwuliza kama ni habari njema.

"Njema," akasema. Alishika simu mkononi akitafuta wa kumwambia, akapitia majina, kisha akairudisha mkobani. "Washa gari. Angalia kioo kwanza."

Chiriku alikuja siku ya kazi, jioni, bila kutoa taarifa. Alikuwa amekonda. Alipata nafasi hospitali ya mji mwingine, mbali, anaondoka asubuhi. Alikuja kuaga na kuchukua vitu vyake vilivyobaki kabatini. Mwalimu alichemsha chai, wakaketi.

"Ulifanya vizuri kule ukumbini," Chiriku akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Sikujua niseme nini."

"Wewe? Kukosa la kusema?"

Wakatabasamu wote wawili, kila mmoja kwenye kikombe chake. Kisha Chiriku akaweka kikombe chini.

"Siku ile uliyokuja wodini. Kile chumba nilichoingia ni stoo ya mashuka. Nilikaa humo nikilia. Nilijua uko nje, nilikuwa naona viatu vyako chini ya mlango."

"Nilikuwa nakungoja utoke."

"Na mimi nilikuwa nangoja ufungue."

Mwalimu alitazama mikono yake. Mlango ule haukuwa na kufuli, alikumbuka vizuri. Ulikuwa mlango wa kusukuma tu. Wakakaa kama watu wawili wanaopima kitu kilichopotea na kuona ukubwa wake.

"Nisamehe, Shangazi."

"Na wewe nisamehe. Nilitaka awe amechezea waya, unajua? Siku za kwanza. Nilimwombea awe na kosa."

Chiriku aliinua macho. Alikuwa hajui. Akanyoosha mkono juu ya meza akaushika wa shangazi yake, akaushikilia, lakini hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Asubuhi alimsindikiza kituoni, akambebea begi dogo. Wakaagana vizuri. Basi likaondoka, naye akaenda kazini.

Baadaye aliuza sehemu ya hisa zake, akanunua nyumba ndogo ya kona upande wa juu wa mji, ina vyumba viwili na veranda. Kaka yake alikuja kuiona, akaisifia, akakaa mpaka jioni, wakaongea habari za baba yao. Chumba cha pili Mwalimu alikiwekea kitanda, neti na meza ya kuandikia. Majirani bado hawajamzoea, wanamwita mama wa nyumba ya kona. Chiriku hupiga simu akipata nafasi, husema vizuri, hueleza ya kazini kwa kifupi, na amekuja mara mbili. Kila Jumapili asubuhi Mwalimu hufungua dirisha la chumba kile, kiingie hewa. Hutandika shuka upya ingawa halijalaliwa, hukaa kidogo ukingoni mwa kitanda akiangalia barabara, na jua likishuka hulifunga dirisha.